Kanopi ya fiba si bati

Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea hapa Tanga, nilisikia kishindo uani nikadhani ni mwizi. Kulipopambazuka nilikuta koroma limelala karibu na gurudumu la nyuma la pikapu yangu, na juu ya paa la kanopi, ile kofia ya fiba inayofunika sehemu ya mizigo ya pikapu, palikuwa na alama iliyofanana na utando wa buibui, yaani nyufa nyembamba kama unywele zilizotoka katikati kuelekea pande zote, pamoja na duara mbili zilizozizunguka. Nilipitisha kidole, nikaona hakuna palipobonyea wala palipomeguka, nikamshukuru Mungu na kwenda zangu dukani. Mnazi wenyewe ni wa jirani, lakini sina la kumlaumu, kwa sababu aliyeegesha gari chini ya mnazi nilikuwa mimi.

Kwa wasionifahamu, nina duka la dawa za mifugo, na pikapu hiyo ndiyo inayopeleka mizigo Pangani, Handeni na Lushoto. Niliifunga kanopi kwa sababu moja tu: katoni zisilowe. Kwa miaka mitatu ya mwanzo nilidhani kwamba kitu cha fiba hakihitaji matunzo, kwa kuwa hakishiki kutu, na wenye pikapu wengi ninaokutana nao bado wanadhani hivyo.

Wiki moja baada ya koroma kuanguka nilimpelekea gari fundi bodi, kama nilivyozoea kufanya kila gari linapogongwa. Alipiga msasa pale penye nyufa, akapaka puti, akalainisha, akapulizia rangi, na jua la saa sita lilikuwa halijafika utosini kazi ikawa imekwisha. Ilipendeza kweli. Ilipofika masika, nyufa zilezile zikajitokeza tena juu ya rangi mpya, kwa umbo lilelile, kana kwamba mtu amezichora upya kwa kalamu ya risasi, na safari hii maji yakapenya. Katoni kumi na moja za dawa zilifika Handeni zikiwa zimevimba chini, na mteja akanionyesha lebo zilizobanduka bila kusema neno, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

Kosa halikuwa la fundi peke yake. Sote wawili tulikichukulia kitu cha fiba kama bati. Bati likigongwa hubonyea na kubaki limebonyea, na hivyo jeraha lake lote unaliona kwa macho. Fiba ikigongwa hunepa, ikarudi palepale ilipokuwa, ikakuonyesha uso uliotulia huku ndani ikiwa imevunjika. Atakayeipaka puti juu anaufunika mfupa uliovunjika kwa plasta, na mfupa utaendelea kucheza kila gari linapopita kwenye shimo, mpaka puti nayo ipasuke.

Mwenye kutaka kuelewa fiba ni nini hasa anaweza kwenda kuwatazama mafundi wa jipsamu wanapotengeneza mikanda ya dari. Jipsamu ikimwagwa peke yake hukauka ikawa ngumu lakini huvunjika kama biskuti, ndiyo maana mafundi hao huichanganya na nyuzi za katani, na sisi watu wa Tanga hatuhitaji kuelezwa katani ni nini. Katika kanopi, nafasi ya katani imechukuliwa na nyuzi za kioo zilizotandazwa kama mkeka, na nafasi ya jipsamu imechukuliwa na rizini, ambayo ni uji mzito unaogeuka kuwa plastiki ngumu baada ya kutiwa dawa ya kugandisha. Nyuzi ndizo zinazobeba nguvu, na rizini huzishika zisisogee. Juu ya yote hayo kuna ngozi moja nyembamba ya rangi ambayo mafundi huiita jelikoti, yenye unene wa nusu milimita hivi, na hiyo ndiyo inayong'aa, ndiyo inayozuia maji, na ndiyo jua linayoila. Marekani waliunda gari lenye bodi zima la fiba na kuanza kuliuza mwaka 1953, yaani Chevrolet Corvette, lakini huku kwetu pwani wanaoijua fiba kwa mikono yao ni mafundi wa boti.

Ndipo nilipokwenda ufukweni kumtafuta mmoja wao. Nilimkuta mzee amekaa juu ya gogo akichana mati ya nyuzi za kioo kwa vidole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Boti iko wapi?"

"Si boti, mzee. Ni kanopi ya gari."

Akainuka, akalizunguka gari mara moja, akapiga paa kwa kifundo cha kidole. "Hiyo ni boti iliyofudikizwa tu. Lete sarafu."

Nilimpa sarafu ya shilingi mia mbili. Akaanza kuigonga kanopi taratibu kutoka ukingoni kuelekea kwenye zile nyufa, na mimi nikasikiliza. Palipokuwa pazima palitoa mlio mkavu na mkali, kama kikombe cha udongo kizuri kinavyolia. Alipokaribia nyufa mlio ukafa, ukawa mzito, kama anayegonga kitabu. Kila ulipobadilika aliweka nukta ya chaki, na alipomaliza kuziunganisha nukta, duara lake lilikuwa na ukubwa wa sahani ya wali, ilhali nyufa zilizoonekana kwa macho hazikuzidi kiganja. Tangu siku ile sijawahi kununua wala kumshauri mtu kununua kanopi iliyotumika bila kuizungukia kwa sarafu, na wauzaji wameshaanza kuniona mtu wa ajabu.

Kazi yenyewe ilifanyika kutoka ndani. Tulilibandua zulia lililofunika dari ya kanopi, na chini yake palikuwa na doa jeupe lenye maji maji, mahali ambapo nyuzi zilikuwa zimeachana na rizini. Mzee alichimba kwa grainda mpaka akafikia nyuzi nzima, akiacha shimo lenye mteremko mpole kama kisahani badala ya kuta zilizosimama, akieleza kwamba kiraka kilichowekwa kwenye shimo lenye kuta hushikwa na ukingo tu, lakini kilichowekwa kwenye mteremko hushikwa na eneo lote. Kisha akapitisha msasa namba 60, akafuta vumbi kwa asetoni, akakata vipande vitatu vya mati, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia. Nimesema akakata, lakini kwa kweli alivichana kwa mkono, kwa sababu ukingo uliochanwa una nyuzi zilizosambaa zinazolala vizuri, tofauti na ule uliokatwa kwa mkasi ambao huacha ngazi.

Kipimo cha dawa ya kugandisha ndicho ambacho wengi hukikosea, nami nitakieleza kwa urefu kidogo. Rizini ya poliesta inataka dawa hiyo kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake. Katika joto la Tanga la mchana mzee hukaa karibu na asilimia 1, yaani mililita 10 hivi kwa kilo moja ya rizini, na huzipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Akizidisha, rizini huchemka ndani ya kopo, hutoa moshi, na huganda kabla hajamaliza kuipaka. Akipunguza chini ya hapo, inaweza kubaki laini kama gundi ya mti kwa wiki nzima na isikauke kamwe. Hakuna cha kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Hukoroga kidogo kidogo, kiasi anachoweza kukitumia kwa dakika kumi, na kila anapolaza mati hulidonoa kwa ncha ya brashi badala ya kulipaka, mpaka weupe wote wa nyuzi upotee na vipovu vya hewa vitoke, kwa kuwa kipovu kimoja kilichobaki ndani ni mwanzo wa maji ya kesho.

Atakayetaka kujaribu nyumbani naye asione haya kuvaa glavu, barakoa na miwani. Vumbi la fiba huwasha ngozi kwa siku mbili, na halifai kuingia kifuani. Ile dawa ya kugandisha ikirukia jicho inaweza kulipofusha, kwa hiyo ndoo ya maji safi iwe karibu kabla ya kufungua chupa. Na mahali pengine rizini huuzwa bila kutiwa kobalti, kile kimiminika cha zambarau kinachoharakisha ugandaji. Hicho hukorogwa kwanza ndani ya rizini peke yake mpaka kipotee, ndipo dawa ya kugandisha ifuate. Viwili hivyo vikikutana vitupu hulipuka. Mzee alikuwa akiviweka kwenye ncha mbili tofauti za banda, na alipomwona kijana wake anavisogeza pamoja ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti.

Upande wa nje alizifungua nyufa kwa ncha ya msasa hadi zikawa mifereji midogo, akazijaza jelikoti mpya, na baada ya kukauka akasugua kwa msasa wa maji, namba 800, kisha 1200, kisha 2000. Rangi haikufanana. Ilikuwa bluu kama ya awali ilipotoka kiwandani, na hapo ndipo nilipoona jinsi kanopi yangu ilivyokuwa imepauka, maana kiraka kilionekana kama kipande cha bahari juu ya jinzi kuukuu.

Kupauka huko kunatokana na jua kuivunja ile ngozi ya juu, na huko ndiko matunzo ya kila siku yanakoelekezwa hasa. Pitisha kiganja kikavu juu ya kanopi yenye umri wa miaka mitatu ambayo haijawahi kupakwa nta, na kiganja kitatoka na unga mweupe au wa rangi ya kanopi yenyewe. Unga huo ni jelikoti iliyokufa. Rangi zilizokolea, nyekundu na bluu hasa, huonyesha haraka; nyeupe nayo huliwa vilevile, ila huificha aibu yake kwa muda mrefu zaidi. Ikiwa nusu milimita ndiyo yote uliyo nayo, na hakuna atakayekuongezea bila gharama, basi kila unaposugua kwa dawa kali ya kung'arisha unatoa kwenye akiba, na kila unapopaka nta unaiweka akiba kivulini.

Mimi huosha mara moja kwa wiki, na mara mbili upepo wa kusi unapoleta chumvi. Gari huwa kivulini, na huweka mkono juu ya paa kwanza, kwa sababu paa likiwa na moto sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa na kuacha madoa. Maji hutangulia peke yake kuondoa vumbi, maana vumbi la barabara zetu ni mchanga, na anayelisugua kwa sponji bila kulilainisha anapiga msasa bila kujua. Sabuni ni ile ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia, ambayo vijana wa kuosha magari huipenda kwa povu lake, huondoa nta yote kwa siku moja na kukausha mipira ya madirisha. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji, na utashangaa mchanga utakaoukuta chini ya ile ya pili. Mashine ya maji yenye nguvu haikatazwi, lakini isielekezwe kwenye mipira ya vioo wala kwenye ukingo ambapo kanopi inakutana na bodi, kwa kuwa maji yakisukumwa hivyo hupita mahali ambapo mvua isingepita.

Nta hupakwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mimi nimeifungamanisha na misimu ili nisisahau: kabla ya masika, katikati ya kipupwe, na kabla ya vuli. Iliyokwisha kupauka haisaidiwi na nta peke yake, kwa sababu nta juu ya unga ni kupaka mafuta juu ya vumbi. Kwanza unga huo uondolewe kwa dawa ya kung'arisha yenye mchanga laini, kisha polishi, ndipo nta ifuate. Pia kuna kanopi ambazo juu ya fiba zimepulizwa rangi ya gari na vanishi, na hizo hutunzwa kama bodi la gari. Kuzitambua ni rahisi: sugua mahali pasipoonekana kwa kitambaa cheupe chenye polishi, na kitambaa kikitoka na rangi ya kanopi, hakuna vanishi juu yake. Dawa ya meno, ambayo kila kijiwe kina bingwa wake, iachiwe meno.

Kuhusu kuegesha, mnazi nimeshausema. Mwembe hauangushi kitu kizito hivyo, lakini utomvu wake huganda na kuacha doa la kahawia, na popo wanaokuja kula maembe usiku huacha kinyesi ambacho kikipigwa na jua siku mbili hula nta na kuanza kula jelikoti. Hakisuguliwi kikiwa kikavu. Weka kitambaa chenye maji juu yake, subiri dakika tano, kisha kiinue chote pamoja.

Nirudi kwenye maji, kwa sababu kiraka cha mzee kilipokauka nilidhani nimemalizana nayo, kumbe sehemu ya maji yaliyoharibu katoni zangu hayakupita kwenye nyufa hata kidogo. Nilimweka binti yangu ndani ya kanopi na tochi, nikafunga milango, nikaanza kuimwagia kanopi maji kwa mpira kutoka chini kwenda juu, dakika mbili kila hatua. Mpangilio huo una maana yake, kwa kuwa maji hushuka, na anayeanza juu atalowesha kila kitu asijue tundu liko wapi. Nilipofika kwenye dirisha la kushoto alipiga kelele, "Baba, hapa!" Nikafungua mlango wa nyuma nikaona maji yanajaa kwenye reli ya chini ya kioo na kumwagikia ndani.

Madirisha ya kanopi yanayosukumwa huwa na matundu madogo chini ya fremu, upande wa nje, ambayo kazi yake ni kuyatoa maji yanayoingia kwenye reli. Reli huwa haizuii maji kuingia. Inayapokea na kuyatoa. Matundu yangu yote manne yalikuwa yamezibwa na udongo mwekundu wa Handeni ulioshikamana kama saruji. Niliyazibua kwa kijiti cha meno, nikapiga brashi reli nzima pamoja na ule ukanda wa manyoya mafupi ambamo kioo hupita, nikamimina kikombe kimoja cha maji na kuyaona yakitoka nje kwa mchirizi. Fundi mwingine angeniuzia mpira mpya wa dirisha, na ningeununua. Sasa kikombe hicho cha maji ni desturi yangu kila mwanzo wa mwezi.

Mipira nayo hupakwa silikoni ya maji maji kwa kitambaa. Isipakwe grisi wala dizeli, kwa sababu mafuta ya petroli huifanya mipira mingi ivimbe na kulainika. Ile silikoni nyingine ya kuzibia, inayonukia siki inapokauka, ndiyo niliyoikuta imezungushiwa taa ya breki iliyo juu ya mlango wa nyuma, na bolti za taa hiyo zilikuwa zimeliwa zikabaki kama miba, kwa kuwa ile siki unayoinusa ni asidi, nayo hula chuma. Zaidi ya hayo, rangi haishiki mahali ilipopita silikoni. Niliikwangua yote na kuweka gundi nyeusi wanayotumia mafundi wa kubandika vioo vya mbele.

Mlango wa nyuma unainuliwa na shokapu mbili ndogo za gesi, na hizi zina tabia moja iliyonichanganya kwa muda mrefu. Hapa Tanga mlango ulikuwa unainuka wenyewe na kukaa juu bila wasiwasi. Nikilala Lushoto, asubuhi ukungu ukiwa bado umetanda, mlango uleule ulikuwa unashuka taratibu na kunigonga kisogoni ninapopakua. Ndani ya shokapu kuna naitrojeni iliyoshindiliwa, na baridi hupunguza msukumo wa gesi, kwa hiyo shokapu iliyochoka hujificha pwani na kuumbuka milimani. Huwa zinabadilishwa zote mbili kwa pamoja. Mpya zifungwe ule ufito mwembamba unaong'aa ukielekea chini wakati mlango umefungwa, ili mafuta yaliyomo ndani yailoweshe sili, na ufito huo ufutwe vumbi kwa kitambaa kikavu kila unapoosha gari. Iliyokufa isitobolewe wala kutupwa motoni.

Vumbi ni habari nyingine. Gari linapokwenda, nyuma yake hewa huwa nyepesi na hunyonya, na kinachonyonywa huingia kupitia mwanya wa mlango wa bodi. Niliongeza mpira kuuzunguka mlango huo wote, na barabarani huacha wazi kidogo vidirisha vya mbele vya kanopi ili hewa iingie kwa kusukumwa, na vumbi likapungua sana. Lakini njia hiyohiyo ya vumbi ndiyo njia ya moshi wa ekzosi, na ndiyo sababu simpakii mtu humo gari likitembea, hata kwa safari fupi, hata mtoto akililia vipi.

Juu ya paa niliwahi kufunga keria na kupakia magunia matatu ya chumvi ya mifugo. Sitaki hata kuisimulia vizuri. Kanopi huja na kiwango cha mzigo wa paa kilichowekwa na mtengenezaji, na kiwango hicho ni kidogo kuliko tunavyotamani, tena hupungua thamani yake kwenye barabara ya mashimo ambako kila kilo hupiga kama kilo mbili. Keria ikibidi, bolti zake zisibane fiba moja kwa moja. Ndani ziwekewe bamba pana la alumini, na kila tundu lililotobolewa lipakwe rizini kwenye kuta zake kabla bolti haijaingia, ili nyuzi zilizokatwa zisinywe maji. Nyufa zinazoanzia kwenye tundu la bolti zina sura yao, kama miale, na ukiziona ujue kwamba mzigo umezidi au nati imekazwa kupita kiasi.

Kukaza kupita kiasi ni ugonjwa hata kwenye vibano vinavyoishikilia kanopi kwenye kingo za bodi. Changu cha mbele kulia kilikuwa kimekazwa na kijana mwenye nguvu kwa bomba lililoongezwa kwenye spana, na ukingo wa fiba chini yake ulikuwa umebonyezwa ukawa kama ulimi. Vibano vikazwe baada ya kilomita 100 za mwanzo, na baada ya hapo vikaguliwe kila unapobadilisha oili. Mimi huchora mstari wa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati hadi kwenye kibano, na baada ya safari ya Pangani hutazama tu kama mistari bado imenyooka. Nyuzi za bolti hupakwa grisi, kwa kuwa kibano ni cha alumini na bolti ni ya chuma, na chumvi ya bahari ikikaa kati ya metali hizo mbili huzifanya zilane mpaka zishikane zisifunguke tena.

Mwezi uliopita ilibidi nishushe kanopi yote ili nibebe nguzo ndefu za zizi. Tulikuwa wanne, kila mmoja kwenye pembe yake, baada ya kuchomoa waya wa taa ya breki, jambo ambalo nimelitaja kwa sababu mara ya kwanza nililisahau. Tuliilaza juu ya matairi manne mapya yaliyolingana urefu, kingo zote zikiwa zimekaa, kwa maana kanopi inayoning'inia upande mmoja kwa wiki kadhaa hupinda, na iliyopinda haikubali tena kukaa juu ya bodi. Chini ya ule ukanda wa sponji unaoitenganisha na bodi nikakuta mahali ambapo sponji ilikuwa imekatika, pana kama shubiri moja, rangi ya bodi imesuguliwa ikaisha na kutu imeanza kuchimba. Nimeipiga msasa, nimeipaka rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili, na ukanda mpya wa mpira wa povu umeshafika kutoka Dar es Salaam. Jumamosi, wale wanne wakipatikana, tutairudisha.